Riwaya ya mwanamke mkaidi wa miaka ya 1950: Dar es Salaam, Kamiti au Pretoria?

Mwandishi anayetaka riwaya ya kihistoria kuhusu mwanamke aliyekataa kukaa pale jamii ilipomweka, katikati ya karne ya 20, ana mandhari tatu za Kiafrika zenye tarehe, nyaraka na mashahidi wa kutosha. Kuna Dar es Salaam ya TANU kuanzia 1955. Kuna Kenya ya kati chini ya hali ya hatari, 1952 hadi 1960. Kuna Johannesburg na Pretoria za kupinga pasi, yaani hati ambayo Mwafrika alilazimika kuibeba ili aruhusiwe kukaa mjini, na kilele chake ni 9 Agosti 1956.

Wengi huchagua kwa kumpenda shujaa fulani au kwa kuona picha ya umati. Mswada wa namna hiyo hukwama mapema, kwa sababu shujaa hana anayemzuia na umati hauna majina. Kipimo kinachofaa ni kingine: nani hasa atamwadhibu mhusika wako, na kwa kitu gani? Ukijibu "jamii", bado huna riwaya. Ukijibu "shemeji yake, kwa kumtenga na watoto" au "karani wa ofisi ya pasi, kwa muhuri mmoja", umeshaipata. Mandhari hizi tatu zinatofautiana zaidi hapo kuliko kwenye mavazi na nyimbo, na ndipo ulinganisho huu unapoanzia. Msomaji anayelengwa ni mwandishi wa Kiswahili, maana lugha nayo ina uzito wake katika uamuzi huu.

Adhabu inatoka wapi

Dar es Salaam, adhabu inaanzia nyumbani. Mwaka 1955 serikali ya Gavana Edward Twining haikuwa na wasiwasi mkubwa na mwanamke wa Kariakoo au Ilala. Aliyeitia wasiwasi ni mwanamume aliyesoma. Watumishi wa serikali walikuwa wamekatazwa kujiunga na chama cha siasa, na katazo hilo ni mali kwa mwandishi. Mume karani wa serikali hawezi kukata kadi. Mke mpika vitumbua anaweza. Ndani ya nyumba moja mwanamke ana nafasi ambayo mumewe hana, na mume ana sababu ya kweli ya kuogopa: mkewe akionekana mbele ya watu mkutanoni, bosi wake ataanza kumtazama kwa jicho jingine. Mume wa namna hii haandikwi kama zimwi. Anaandikwa kama mtu mwenye mshahara wa kulinda, na ugomvi wao unakuwa mgumu kwa sababu wote wawili wana hoja.

Lakini chunga: wanawake wengi walioingia TANU mapema hawakuwa wake wachanga waliojificha nyuma ya pazia. Walikuwa watu wazima, wengi Waislamu, wengi wameolewa na kuachika, wakila kwa jasho lao kupitia vitumbua, maandazi, pombe au vyumba vya kupangisha. Kwa mwanamke kama huyo talaka si mwisho wa dunia, alishaipata na akaishi. Kwa hiyo una mhusika wa aina mbili. Mke anayeficha kadi chini ya godoro anakupa taharuki ya haraka. Mtalaka mwenye biashara yake anakupa ukweli mzito zaidi wa kihistoria, ila lazima umtafutie kitu kingine cha kupoteza: heshima kwenye kundi lake la ngoma, leseni yake ya biashara, au mwana wa kiume anayeona aibu. Anayefaa zaidi ni huyu wa pili, na ndiye anayeandikwa mara chache.

Ngoma ndiyo kiini cha mandhari ya Dar. Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa 1926, alikuwa mwimbaji wa kundi la Bomba kabla ya siasa. Juni 1955 John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alipotembelea Dar es Salaam aliwauliza viongozi wa TANU wanawake wako wapi, na swali hilo ndilo lililosukuma kuundwa kwa tawi la wanawake. Oktoba mwaka huohuo Oscar Kambona aliandika kwamba Bibi Titi alikuwa ameingiza wanawake 5,000. Idadi hiyo haielezeki kwa hotuba. Inaelezeka kwa vikundi: kila kundi la ngoma lina kiongozi, lina michango, lina wanachama wanaoitika wakiitwa, na kiongozi akikubali, wanaomfuata hawaji mmojammoja. Ukiandika mwanamke anayeamka peke yake asubuhi na kuigeuza Dar es Salaam, umeandika mtu ambaye hakuweza kuwapo. Mpe kundi, mpe mpinzani ndani ya kundi, mpe kundi jingine la mtaa wa pili ambalo limekuwa likishindana nao miaka mingi na sasa wanatakiwa kukaa mkeka mmoja.

Kenya ya kati ni kinyume. Hapo adhabu inatoka serikalini moja kwa moja, ina bunduki, na mume mara nyingi hayupo kabisa. Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi na polisi waliizingira Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil na kuwapeleka maelfu ya wanaume vizuizini. Kuanzia katikati ya mwaka huohuo zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kwa nguvu kwenda vijiji vyenye seng'enge na mahandaki ya miti iliyochongwa. Katika vijiji hivyo mwanamke ndiye aliyebaki: anachimba handaki mchana kwa kazi ya lazima, anawahi shamba kwa saa chache anazoruhusiwa, na usiku anatafuta njia ya kupitisha chakula kwenda msituni kwa wapiganaji wa Mau Mau. Kosa lake lina jina kwenye kanuni za hali ya hatari, kusaidia magaidi kwa chakula au kushirikiana nao, na takriban wanawake 8,000 waliwekwa kizuizini katika miaka hiyo, wengi wao katika gereza la Kamiti, karibu na Nairobi.

Ugumu wa mandhari hii ni kwamba adhabu inatoka pande mbili. Askari wa Home Guard, kikosi cha wenyeji kilichokuwa upande wa serikali, ni jirani, pengine binamu. Anayekuja usiku kuomba unga naye ana kiapo cha kudai. Riwaya inayomweka mwanamke upande mmoja tu, mzalendo safi dhidi ya Mzungu, inakosa kile kinachoumiza: aliyemtaja kwa askari anateka maji kisima kimoja naye. Pia wengi walioandika kuhusu wanawake wa Mau Mau hukimbilia mpiganaji mwenye bunduki. Walikuwapo, na Muthoni wa Kirima, aliyekaa msituni hadi uhuru wa 1963, ndiye anayejulikana zaidi. Hata hivyo kazi kubwa ya wanawake ilikuwa chakula, dawa, risasi na habari. Mbeba unga ana maonyesho mengi zaidi kuliko mpiganaji, kwa sababu anavuka lango la kijiji kwenda na kurudi, na kila mvuko ni jaribio jipya.

Afrika Kusini, adhabu ni karatasi. Sheria ya 1952 iliyojifanya kufuta pasi ilileta kitabu kimoja cha pasi kwa Waafrika wote, wanawake wakiwemo, na serikali ilianza kuwagawia wanawake 1956, mwanzo katika miji midogo kama Winburg. Hofu ya wanawake haikuwa kitabu chenyewe tu. Kifungu cha 10 cha sheria ya maeneo ya mijini kilisema Mwafrika haruhusiwi kukaa mjini zaidi ya saa 72 bila kibali, isipokuwa amezaliwa hapo na kuishi mfululizo, au amefanya kazi kwa mwajiri mmoja miaka 10, au ameishi hapo kihalali miaka 15. Fikiria mfanyakazi wa nyumbani mwenye miaka 9 kwa mwajiri mmoja. Mama mwenye nyumba akimfukuza kwa kikombe kilichovunjika, hapotezi kazi peke yake. Anapoteza mji, na pengine watoto wake wanaosoma huko. Miezi kumi na miwili iliyobaki inatosha kubeba riwaya nzima, na msomaji atahesabu pamoja na mhusika bila kuhubiriwa. Katika mandhari zote tatu, hii ndiyo yenye mashine iliyo wazi kuliko zote.

Lugha: hapa Dar es Salaam inashinda

Mwanamke wa Ilala wa 1955 alizungumza Kiswahili. Aligombana kwa Kiswahili, aliimba kwa Kiswahili, alisuta kwa Kiswahili na alijibu kwa jina la kanga. Mazungumzo yake unaweza kuyaandika jinsi yalivyoweza kutoka mdomoni. Hakuna mandhari nyingine kati ya hizi inayokupa hilo.

Kwa Kenya ya kati, nyumbani ni Kikikuyu, Kiembu au Kimeru. Kiswahili kinaingia kwa polisi, askari na afisa. Hili linaweza kuwa faida ukilipanga mapema. Andika mazungumzo ya ndani kwa Kiswahili laini, chenye methali na ukimya, na mazungumzo ya langoni kwa Kiswahili cha amri, kifupi, chenye makosa ya askari wa kigeni. Msomaji atajua lugha imebadilika bila kuambiwa. Kosa la kawaida ni kumwaga maneno ya Kikikuyu kila aya na kuyaeleza palepale. Maneno manne au matano yanayorudi katika kitabu kizima yanatosha.

Kwa Johannesburg unatafsiri kila kitu: Kisotho, Kitswana, Kizulu, Kixhosa, Kiafrikana na Kiingereza vinagongana kwenye foleni moja ya basi. Kiswahili kinaweza kubeba hadithi hiyo, lakini mchezo wa lugha mtaani, ambao ni nusu ya uhai wa Sophiatown, mtaa wa Waafrika mjini Johannesburg, utapotea. Ukiandika huko, weka uzito kwenye vitendo na vitu.

Faida ya Dar ina mtego wake. Kwa kuwa lugha ni yetu, mwandishi huingiza lugha ya leo bila kujua. "Mfumo dume", "usawa wa kijinsia", "kumwezesha mwanamke", "ukombozi wa mwanamke kifikra": hakuna kati ya hayo linalofaa kinywani mwa mpika maandazi wa 1955. Linganisha majibu mawili kwa mume anayeuliza ameenda wapi:

"Nina haki ya kushiriki siasa kama wewe, na sitakubali kukandamizwa."

"Kadi nimeshakata. Wewe niulize kama chakula kipo, maana chakula kipo."

La kwanza ni la semina. La pili linamwonyesha mwanamke ambaye ametimiza kila kinachodaiwa kwake ili asipatikane na kosa, kisha akafanya lake. Wanawake wengi wa wakati ule walikiuka kaida kwa njia hiyo: walitumia heshima yenyewe kama ngao. Msamiati wa siasa walikuwa nao, lakini ulikuwa mfupi na wa kushikika: uhuru, chama, kadi, tawi, mkutano, michango, ndugu.

Ushahidi na mahali pa kuupata

Afrika Kusini ndiyo tajiri kuliko zote. Karatasi za shirikisho la wanawake, FEDSAW, lililoanzishwa Johannesburg tarehe 17 Aprili 1954, zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Kesi ya uhaini iliyoanza kwa kukamatwa watu 156 Desemba 1956 na kuisha kwa kuachiwa huru Machi 1961 iliacha kumbukumbu ndefu za mahakama, na Lilian Ngoyi na Helen Joseph walikuwa miongoni mwa washtakiwa. Kumbukumbu za mahakama zinakupa maneno ya swali na jibu, kitu adimu kwa mwandishi wa riwaya. Ubaya wake ni wingi: unaweza kumaliza miaka miwili ukisoma na usiandike sura.

Kwa Dar es Salaam, nguzo ni mahojiano. Susan Geiger alianza kuwahoji wanawake wa TANU mwaka 1984 na kazi yake ikachapishwa 1997. Hapo utasikia sauti za wanawake wenyewe wakieleza ndoa, biashara, ngoma na kadi. Soma ukikumbuka kwamba wanasimulia miaka karibu 30 baada ya tukio, wakijua uhuru ulipatikana 9 Desemba 1961. Mhusika wako wa 1955 hajui. Mafaili ya kikoloni katika Nyaraka za Taifa yanasaidia kwa mambo ya leseni, mikutano na taarifa za maafisa, ingawa wanawake humo hutajwa kwa juujuu.

Kenya ina pengo la makusudi. Maafisa walichoma na kuhamisha nyaraka nyingi kabla ya uhuru, na mafaili yaliyopelekwa Uingereza yalikuja kukubaliwa kuwapo mwaka 2011 tu, wakati wazee wa Mau Mau waliposhtaki serikali ya Uingereza. Sasa yapo katika nyaraka za taifa za Uingereza, Kew. Ndani ya Kenya kwenyewe Mau Mau iliendelea kuwa chama kilichopigwa marufuku hadi 2003, hivyo mwanamke aliyekuwa Kamiti aliishi miaka 40 ya uhuru akiwa na sababu ya kunyamaza. Ushahidi mmoja wa wakati uleule ni wa Eileen Fletcher, Mwingereza wa dhehebu la Quaker aliyefanya kazi ya urekebishaji kambini, akaacha kazi na mwaka 1956 akatangaza hadharani kwamba wasichana wa miaka 11 na 12 walikuwa wamefungwa maisha. Ushahidi wake ni muhimu, lakini usimfanye dirisha la riwaya. Ukimpa Mwingereza mwenye huruma macho ya msimulizi, wanawake wa Kamiti wanageuka kuwa mandhari nyuma yake.

Vitu vya mkononi na kalenda

| | Dar es Salaam 1955–58 | Kenya ya kati 1954–56 | Johannesburg na Pretoria 1955–56 |
|---|---|---|---|
| Pesa | Shilingi ya Afrika Mashariki, 20 kwa paundi. Senti 5 na 10 zina tundu katikati | Hiyohiyo | Paundi ya Afrika Kusini. Randi ilianza Februari 1961 |
| Karatasi ya hatari | Kadi ya TANU | Kibali cha kutoka kijijini | Kitabu cha pasi |
| Mwenye amri wa karibu | Mume, shemeji, mwenye nyumba | Chifu, Home Guard | Karani wa pasi, polisi, mwajiri |
| Muda unaotosha kwa riwaya | Miaka miwili na nusu | Mwaka mmoja na nusu | Miezi sita hadi mwaka |

Makosa ya tarehe hupenya hata kwa waangalifu. Dar es Salaam ya 1955 si jiji, ni manispaa. Ilipata hadhi ya jiji uhuru ulipofika 1961. Hakuna Tanzania hadi 1964. Hakuna UWT, umoja wa wanawake, hadi 1962. Redio ipo, Sauti ya Dar es Salaam ilianza 1951, lakini usiiweke katika kila chumba; wengi waliisikiliza mahali pa pamoja. Sophiatown ya 1956 tayari inabomolewa, kwani kuhamishwa kwa nguvu kulianza 9 Februari 1955, kwa hiyo mtaa mzima wenye muziki na furaha isiyoguswa ni wa miaka ya nyuma.

Kwa wahusika Waislamu wa Dar, andaa kalenda mbili kabla ya kupanga sura. Ramadhani ya 1955 iliangukia kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi mwishoni mwa Mei. Maana yake ziara ya Hatch ya Juni inakuja baada ya Idi, na Idi ya Kuchinja inafika mwisho wa Julai, wakati uandikishaji wa wanawake ndiyo kwanza umepamba moto. Ukiweka ngoma kubwa ya kundi katikati ya Mei 1955, msomaji wa Pwani ataifunga riwaya yako. Ukiweka uandikishaji sambamba na maandalizi ya Idi, umepata mahali ambapo wanawake wanakutana bila kuomba ruhusa.

Siku za wiki nazo zina kazi. Tarehe 9 Agosti 1956 ilikuwa Alhamisi, siku ambayo kwa desturi wafanyakazi wa nyumbani walipata mapumziko. Wanawake wapatao 20,000 walifika Union Buildings, makao ya serikali mjini Pretoria. Maandamano yalipigwa marufuku, kwa hiyo walitembea wawili wawili na watatu watatu ili wasihesabiwe kuwa wanaandamana. Lilian Ngoyi, Helen Joseph, Rahima Moosa na Sophia Williams walipeleka malalamiko yaliyotiwa saini hadi ofisi ya Waziri Mkuu Strijdom, ambaye hakuwapo, kisha umati ukasimama kimya kwa dakika 30. Nusu saa hiyo ni ngumu kuandika kuliko vurugu yoyote. Usiijaze historia ya chama. Mwandikie mhusika mmoja: mtoto mgongoni anaanza kulia dakika ya kumi na mbili, na yeye hajui kama kumtikisa kunahesabiwa kuwa kelele.

Unguja, kwa ufupi

Wapo watakaouliza kuhusu Unguja, na ni swali zuri. Hapo ukaidi wa wanawake ulipita zaidi kwenye sanaa: Siti binti Saad, aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928, alifariki Julai 1950, na vikundi vya wanawake vilishindana kwa taarab na mafumbo katika zama za siasa. Lugha ni faida ileile ya Dar, au zaidi. Tatizo ni Januari 1964. Msomaji yeyote akiona 1958 Unguja anaanza kungoja mapinduzi, na kila harusi unayoandika inasomwa kama kiza kinachokaribia. Kama hutaki kuandika mapinduzi, isha kabla ya uchaguzi wa 1957, wakati wanawake hawakuwa na kura, na ukubali riwaya ndogo ya nyumba mbili na kundi moja la taarab.

Mtu wa kweli au wa kubuni, na nani asimulie

Kumfanya Bibi Titi, Lilian Ngoyi au Muthoni wa Kirima mhusika mkuu ni kujifunga. Huwezi kumpa kosa ambalo halimo kwenye kumbukumbu bila kuigusa familia yake, na mhusika asiye na kosa lake mwenyewe hasongezi hadithi. Bora mhusika mkuu awe wa kubuni, na mtu wa kweli apite kwenye maonyesho machache akifanya mambo ambayo hadharani alijulikana kufanya. Maonyesho matatu yanatosha. Zaidi ya hapo anameza kitabu.

Msimulizi wa nafsi ya kwanza, mwanamke mzee anayekumbuka, anafaa Kenya. Marufuku ya Mau Mau ilipoondolewa 2003 palikuwa na sababu ya kihistoria ya mtu kufungua kinywa baada ya nusu karne, na ukimya wake wote wa katikati ni sehemu ya hadithi. Dar es Salaam, msimulizi mzee huleta kivuli kisichohitajika: anajua kwamba Bibi Titi mwenyewe alikamatwa 1969, akahukumiwa kifungo cha maisha 1971 na kuachiwa 1972, na ujuzi huo unachafua furaha ya 1955 kabla haijaiva. Huko tumia nafsi ya tatu iliyo karibu na mhusika, isiyojua kesho. Pretoria inavumilia wasimulizi wawili au watatu, kwa mfano mshonaji wa kiwandani, yaya, na mke wa mchungaji, mradi kila mmoja awe na hesabu yake ya pasi.

Ukichagua

Mwenye uwezo mkubwa wa mazungumzo, anayejua mtaa wa Kiswahili unavyosengenya na kusutana, achague Dar es Salaam, aanze Juni 1955 na kuishia Januari 1958, TANU ilipokutana Tabora kuamua juu ya kura tatu, utaratibu uliomtaka kila mpiga kura achague Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Huo ni mwisho wenye uchungu wa kweli: masharti ya mpiga kura yalidai elimu au kipato cha paundi 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, na wengi wa wanawake waliojaza mikutano hawakuwa na kimoja wala kingine. Mhusika wako amejenga chama na hapigi kura. Riwaya nyingi za kipindi hiki hukimbilia kufungia uhuru wa 1961 na kuukosa mwisho huu.

Mwandishi wa Kenya, au anayeweza kukaa na wazee wa Nyeri, Murang'a au Embu na kusikiliza kwa lugha yao, achague kijiji cha seng'enge, abane muda usizidi miezi 18, na asiingie Kamiti kabla ya nusu ya kitabu. Kambi ni nzito kiasi kwamba kila kinachofuata huonekana chepesi. Asiye na njia ya kuwasikia watu hao aiache mandhari hii kwa sasa. Vitabu peke yake havimpi harufu ya kibanda wala jina la anayemiliki kisima.

Anayependa msuko uliokaza, wenye saa inayohesabu, na asiyeogopa kusoma sheria, aende Johannesburg.

Kabla ya kufunga uamuzi, andika onyesho moja la kurasa tatu kwa kila mandhari unayoifikiria: mhusika na yule mwenye uwezo wa kumwadhibu, chumba kimoja, kitu kimoja mezani kati yao, kadi au unga au kitabu cha pasi. Hakuna kutaja chama, hakuna kutaja uhuru, hakuna tarehe. Mpe mtu asiyejua unachoandika asome, kisha umuulize mwanamke huyu anaogopa kupoteza nini. Akijibu kwa jambo mahususi, mandhari hiyo ndiyo yako. Akisema "anapigania haki zake", rudi kwenye swali la adhabu na utafute cheo, kifungu au jamaa uliyemsahau.